Mkono wa Kushoto wa Kaka Mkubwa

Nyinyi vijana mna tabia moja inayonichekesha sana. Picha ikiganda sekunde mbili kwenye simu, mnailaani kampuni ya mtandao, mnailaani simu, mnamlaani na jirani aliyesimama karibu. Sekunde mbili! Mimi nimewakodisha watu, kwa miaka zaidi ya ishirini, picha ambazo steringi alikuwa na uso wa rangi ya papai, sauti yake inatoka ndani ya pipa, na mstari wa chenga unapanda na kushuka kiooni tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walilipa, wakalia machozi, wakarudi kukodi tena. Haya, niambieni ni nani kati yetu alikuwa anajua kuangalia picha.

Naitwa Mama Aika. Nimezaliwa Marangu, nimejenga Shirimatunda, na maisha yaliyobaki hapo katikati nimeyamalizia nyuma ya kaunta ya Fundi Salimu, mjini Moshi, tukikodisha kanda za video, tukizikopi na kutengeneza deki. Hakimiliki? Wanangu, neno hilo tulilisikia tumeshazeeka.

Fundi Salimu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye maneno machache na macho makali. Kabla ya kufungua duka alikuwa akiendesha mashine kwenye sinema, kwa hiyo picha za nje za zamani alizijua zote, zilipoanzia na zilipoishia, hata zile alizozichukia. Siku ya kwanza alinipa deki nisafishe hedi, kile kichwa kinachosoma kanda. Nikachukua pamba na spiriti, nikasugua kwa bidii kabisa, nikajisifu. Tukaweka kanda: kioo chote chenga. Akafungua, akatoa nyuzi za pamba kwa koleo, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani mbele yangu.

"Umeivalisha sweta," akasema.

Basi shikeni hilo, hata kama deki hamtaiona tena: hedi haifutwi kwa pamba. Unachukua kipande cha shati la zamani lililofuliwa mpaka likalainika, unalowesha spiriti kidogo, unakishika kimetulia, halafu unaizungusha hedi yenyewe taratibu. Ukiisugua juu na chini umeivunja, na hapo hata ulie namna gani haikusikii. Kuna baba mmoja wa Machame aliyesikia kwamba hedi inasafishwa kwa pombe. Hakuuliza pombe gani. Akatia mbege. Deki ilikuja dukani inanuka harusi, na ulezi umenata kila mahali. Fundi Salimu aliinusa, akanitazama, akasema, "Hii tuitengeneze au tuichuje?"

Lakini adui mkubwa wa kazi yetu alikuwa ukungu. Nyinyi mnaokuja Desemba kupiga picha za mlima mnaona mawingu ni mazuri. Yaende yakakae ndani ya kabati la kanda zako uone. Kanda ikishaota ule unga mweupe pembeni, usithubutu kuitia kwenye deki, maana itaziambukiza na zile zote zitakazofuata. Unafungua parafujo tano, unaifuta kwa kitambaa kikavu huku unaizungusha kwa mkono, kisha unaiacha penye hewa, kivulini. Nasema kivulini kwa sababu nimemwona mama mmoja, mtu mzima na akili zake, aliyeivuta kanda yote kutoka ndani ya kasha lake akaianika kwenye kichanja cha kahawa. Aliniletea kwenye kapu. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa unataka kuikoboa?" Akanuna, lakini mwezi uliofuata alirudi kukodi.

Halafu kulikuwa na suala la ukoo. Kanda ya kwanza tuliiita kanda mama. Ukiikopi unapata mtoto, safi bado, ana rangi zake. Ukimkopi mtoto unapata mjukuu, ameanza kupauka. Kitukuu sasa, nyasi zake ni bluu, bibi harusi na bwana harusi huwatofautishi, na maandishi ya chini hayasomeki kabisa. Waliokuwa wakikodi kwenye vibanda vya Kwa Sadala walikuwa wanaangalia vilembwe. Nao walijua hadithi vizuri kuliko sisi.

Mkaja nyinyi na CD, mkatucheka. Zikaja zile diski za picha ishirini kwa moja, zimebanwa mpaka uso wa mtu umekuwa vigae vya bafuni. Zikaja televisheni pana, mkazivuta picha za zamani zijae kioo, na kila mtu akanenepa ghafla, mpaka farasi. Mlikaa mkaangalia farasi mnene hivyo na hamkuuliza kitu. Basi msinicheke peke yangu.

Sasa nifike pale ninapotaka, maana nina jambo langu la kuungama, na nimelizunguka mno.

Kulikuwa na picha moja ya Kihindi ya zamani, ya ndugu wawili na kisima. Baba anakufa, anaacha kisima, wanawe wanagombana, mama analia hadi anapofuka. Nyimbo saba. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipita kwenda Mombasa alituachia kanda mama yake kwa siku moja tu. Ilikuwa Jumapili. Nikaunganisha deki mbili, nikatia kanda tupu ya dakika mia moja na themanini, nikawasha, nikaenda kanisani. Mchungaji siku hiyo alihubiri kwa kirefu, nikashukuru kimoyomoyo. Niliporudi nilikuta deki zote mbili zimekwisha kurudisha kanda mwanzo zenyewe. Nikajua kazi imekamilika. Kesho yake mwenye kanda akachukua mali yake, akaenda zake, na hatukumwona tena.

Picha ile ilikuwa ya saa tatu na dakika kumi.

Tulikuja kugundua kwa mteja wa kwanza. Kanda inafika pale mvua inanyesha, kaka mkubwa amesimama mlangoni kwa mdogo wake. Mkono wa kulia umeinuka kubisha hodi. Mkono wa kushoto ameuficha mgongoni, una kitu. Halafu chenga. Kanda yangu ndiyo iliyozaa kopi zote zilizosambaa Moshi, kwa hiyo kuanzia mjini hadi Marangu hakuna mtu aliyejua mkono wa kushoto una nini.

Nikamuuliza Fundi Salimu, maana yeye aliiona kule sinema.

"Kisu," akasema. "Mdogo anafungua mlango kwa furaha, mkubwa anamchoma. Halafu anajua kwamba mdogo alikuwa amekwisha kuandika kisima chote kwa jina la kaka yake. Polisi wanakuja. Mwisho."

Mteja wa pili alikuwa binti aliyekuwa anajiandaa kuolewa. Nikamwambia ukweli. Alilia pale kaunta mpaka watu wakadhani nimempiga, na hakukodi tena mwezi mzima. Fundi Salimu akaniambia, "Wewe ndiye uliyekata. Basi shona."

Nikaanza kushona. Kila aliyerudisha kanda nilimtazama usoni, nikampa mwisho unaomfaa. Mwalimu nilimwambia ni barua ya mama yao. Bibi harusi aliyefuata, nilimwambia ni pete, mdogo naye anaoa. Muuza nyama nilimwambia ni mguu wa mbuzi, naye akaridhika kuliko wote. Wakakutana sokoni wakabishana, barua, pete, mbuzi, wakaja dukani niamue. Nikawaambia, "Inategemea kopi." Wakaondoka wametulia kabisa. Nilikuwa mwongo, ndiyo, lakini mwongo mwenye duka safi.

Ndipo akaja Mzee Elisante. Wakati huo alikuwa baba wa makamo, mzee wa kanisa, jirani yetu kule Marangu, ng'ambo ya mfereji. Yeye na mdogo wake Aminieli walikuwa hawajasalimiana miaka sita. Kisa ni mpaka. Aminieli aling'oa masale ya mpakani ili apate nafasi ya banda la ng'ombe, na Elisante kwa hasira akaingia na panga kwenye kihamba cha mdogo wake, akafyeka migomba mitatu yenye mikungu. Kwa mliozaliwa Dar: kihamba ni shamba la nyumbani, la ukoo, na kumkatia mtu migomba yake si jambo la kuzungumzwa mezani. Kila mmoja alikosa, na kila mmoja akawa anamngoja mwenzake aanze. Mama yao alikufa wakiwa hivyo hivyo, mmoja kulia kwa jeneza, mwingine kushoto.

Elisante alingoja wateja wote watoke. Kanda aliizungushia gazeti.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Mama Aika, yule mkubwa. Mkono wa kushoto ameshika nini?"

Nilikuwa na ile barua ya mwalimu tayari mdomoni. Lakini nilimwona anavyolikunja lile gazeti, analikunjua, analikunja tena, na nikamwonea huruma kweli. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Jani la sale."

"Sale? Kwa Wahindi?"

Sasa, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu, unachuma jani la mmea huo, unalipiga fundo, unampelekea. Akipelekewa jani hilo, kosa liwe kubwa namna gani, anasamehe. Mchaga yeyote analijua hilo. Mhindi wa Bombay nadhani halijui.

"Kila watu wana majani yao, baba," nikasema. "Lile lilifanana na sale kabisa. Na lilikuwa na fundo."

"Na aliyelibeba ni mkubwa? Si mdogo?"

"Ni mkubwa."

"Na mdogo akalipokea?"

"Baba, wewe mwenyewe unajua. Sale halikataliwi."

Akaweka kanda juu ya kaunta, akatoka, hakuaga. Fundi Salimu, aliyekuwa nyuma akichomelea waya, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Hiyo umeishona kwa uzi gani?"

Baada ya wiki moja mama yangu akaniletea habari. Elisante alivuka mpaka mchana kweupe, watu wanamwona, jani mkononi. Aminieli alipomwona alipiga magoti kwenye matope. Jumamosi iliyofuata walipanda masale upya, wote wawili, wakibishana kuhusu mstari kama kawaida, lakini wanacheka. Tangu hapo kila Krismasi wanachinja pamoja.

Mnadhani niliona fahari? Niliona hofu. Kwa sababu Elisante aliipenda hadithi ile akaanza kuisimulia. Kwenye jumuiya, kwenye vikao vya ukoo, kila Desemba wajukuu wakirudi nyumbani. "Hata Wahindi wanajua sale!" Na kila mara alimalizia, "Muulizeni Mama Aika, yeye ana kanda." Nami niliitikia kwa kichwa nikaomba maji ya kunywa.

Miaka ikapita. Fundi Salimu akatangulia mbele ya haki, duka likafa, mimi nikastaafu na bustani yangu ya mboga. Mwaka jana, wiki ya Krismasi, akaja Ndeshi, mjukuu wa Mzee Elisante anayefanya kazi Dar, anameremeta kwa furaha.

"Bibi, shikamoo! Huwezi kuamini. Nimeipata ile picha ya Babu! Wameitoa upya, imesafishwa picha moja moja, rangi zimerudishwa, na ni kamili, dakika zote! Tutaiangalia nyumbani tarehe ishirini na sita, ukoo wote. Na wewe lazima uje, wewe ndiye mgeni rasmi."

Nilikaa chini. Nikaanza kuzungumza kitaalamu, jambo ambalo watu wa fani hufanya wakiogopa. Nikamwambia hizi za kusafishwa si nzuri, wanafuta chembechembe mpaka sura za watu zinakuwa za nailoni. Nikamwambia rangi huzidisha, sauti hubadilisha. Yeye anacheka tu.

"Bibi, huo ni wivu. Hebu ikague basi, wewe si fundi?"

Akanipa. Diski moja, inang'aa, ndani ya kasha gumu. Nikasogea dirishani, nikaiinamisha kwenye mwanga kama nilivyofanya maelfu ya mara. Haikuwa hata na alama ya kidole. Naye Ndeshi akaenda jikoni kunisaidia chai. Nikabaki nayo mkononi, na kucha ninazo, na msasa wa sufuria uko palepale, kwenye karai la vyombo chini ya dirisha. Mkwaruzo mmoja, pale ukingoni ambako picha inaishia. Najua mahali hasa. Hakuna mtu angejua.

Sikuweza. Nimekosea mengi kwenye kazi hii, lakini picha nzima ya mtu sikuwahi kuiharibu kwa makusudi. Ndeshi aliporudi na vikombe nikamwambia, "Iko safi," na sauti yangu haikuwa nzuri.

Tarehe ishirini na sita asubuhi, kabla ya kupanda Marangu, nilipita kwenye ua wangu nikachuma jani la sale. Nikalipiga fundo, nikalitia kwenye mkoba. Nilikuwa nimeamua: picha ikiisha, nitasimama mbele ya ukoo wote nimwombe Mzee Elisante msamaha. Nilimdanganya, na sasa wajukuu watamcheka uzeeni. Na kibaya zaidi, atajua kwamba jambo kubwa kuliko yote aliyofanya maishani alilifanya kwa sababu ya uongo wa mwenye duka.

Sebule ilijaa. Ndugu wawili walikaa kochi moja, fimbo zao zimeegemezwa pamoja, mtori umeliwa, mbege inazunguka. Mimi nikapewa kiti cha mbele, ole wangu. Ndeshi akawasha.

Nisiwadanganye tena: ilikuwa nzuri. Mimi picha ile nimeiona labda mara mia, lakini siku ile ndiyo niliyoona kwa mara ya kwanza kwamba sari ya mama ni ya kijani na si ya kijivu, na kwamba kisima kina maandishi. Mvua ilikuwa na matone. Nilimkumbuka Fundi Salimu, nikatamani aone.

Tukafika mlangoni. Mkono wa kulia ukainuka. Watoto wote wakasogea mbele, kwa sababu hadithi wanaijua. "Sale! Sale! Sasa hivi!" Mlango ukafunguka. Mkono wa kushoto ukatoka mgongoni, na kile kisu, kwa jinsi walivyokisafisha, kilimetameta mpaka ukutani.

Mdogo akaanguka. Hati ya kisima ikatoka mfukoni mwake. Polisi wakaja. Majina yakaanza kupanda.

Mtoto mmoja akauliza, "Babu, mbona sale halipo?"

Mzee Elisante alikuwa anatazama kioo bado. Kisha akamgeukia mdogo wake. Aminieli alikuwa amemshika mkono, sijui tangu saa ngapi. Walitazamana. Nikafungua mkoba wangu, nikatoa jani, nikasimama.

"Ndeshi," mzee akasema, "umesema hii wameifanyaje?"

"Wameisafisha, Babu. Picha moja moja."

"Nimeona. Wamesafisha mpaka wamefuta sale."

Aminieli akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mafundi wa siku hizi," akasema.

"Lakini Babu..." Ndeshi akaanza.

"Kopi mbovu, mwanangu. Si kosa lako, umeuziwa."

Mimi nilikuwa nimeshasimama pale katikati ya sebule, jani mkononi. Nikasema tu, "Baba, hili ni lako." Mzee Elisante aliliangalia lile fundo, akanitazama usoni, na nikajua kwamba anajua, na kwamba alijua tangu ile siku pale kaunta. Akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea. Kisha akaliinua juu ili wajukuu wote walione.

"Si niliwaambia?" akasema. "Hiki hapa kipande walichokata. Mama Aika alikuwa nacho."